Matabishi ya Arobaini na Saba

Juzi kwenye arusi ya mpwa wangu nilipewa kazi ya kupanga watu kwenye masinia ya pilau. Watu wanne kila sinia, ndivyo walivyoniambia, na mimi bila kufikiri nikaanza kuhesabu vichwa na kutafuta baki. Binti mmoja niliyemfundisha zamani akanicheka: "Mwalimu Zaituni, na hapa pia uko unafanya exercice?" Ndiyo, mwanangu, na hapa pia. Mtu akifundisha hesabu mpaka mvi zimemjaa kichwani, haachi kwa sababu amepewa cheti cha kustaafu na soda mbili.

Ninyi mnaoingia madarasani sasa, na mnaonipigia simu kuniuliza fanksheni zifundishwe vipi, leo nitawajibu kwa pamoja. Sitawapa somo lenye vichwa na vijichwa, hayo mnayo kwenye vitabu. Nitawaeleza yaliyonipata mimi pale Gisenyi, mpakani na Kongo, kama yanavyonijia.

Fanksheni kwanza. Mnawatisha watoto bure. Fanksheni ni kazi ndogo uliyoipa jina, ili kesho uiite kwa jina bila kuieleza upya. Baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Akisema "pindo", mimi nilijua: kunja mara mbili, piga pasi, shona. Nilipewa kitambaa, nikarudisha kitambaa chenye pindo. Hakunieleza tena mpaka alipofariki. Nilipoanza kufundisha programu, nikiwa tayari mtu mzima na miwani, nilielewa fanksheni siku nilipokumbuka lile pindo. Ya kwanza niliyowapa wanafunzi kila mwaka ilikuwa hii:

def baki(a, b):
    return a % b

Unaipa namba mbili, inakurudishia kinachobaki ukigawa ya kwanza kwa ya pili. Basi. Kila mwaka kuna atakayeona ile alama ya asilimia na kudhani ni asilimia. Mwaka wangu wa mwisho alikuwa Eric, shefu wa darasa, yaani kiranja, kijana mwenye sauti kubwa na majibu ya haraka. Aliandika kumi na saba kwa tano, mashine ikamrudishia mbili, akasimama: "Mwalimu, hii machine iko na kosa!" Nikamwambia achukue maharage kumi na saba, atoe matano matano, aone yanayobaki.

Maharage hayo nilirithi kwa Mwalimu Anastase. Anastase alirudi kutoka Kongo akiwa amefundisha huko miaka mingi, na ndiye aliyenifunza kufundisha, maana chuo kilinifunza hesabu tu. Alikuwa na kopo la maziwa la zamani limejaa maharage ya Kanama, yale yenye madoa, na hesabu zote alizipitisha mle. Akitaka kueleza namba tasa, zile Wafaransa wanaziita nombres premiers, hakuandika maana yake ubaoni. Alimwaga maharage mezani, akasema: "Panga kama askari. Safu ziwe sawa sawa." Kumi na mbili inakubali: safu tatu za nne, safu mbili za sita. Kumi na tatu inakataa kila namna, isipokuwa usimamishe wote kwenye mstari mmoja. "Hii yenye inakataa kupangwa," alisema kwa Kiswahili cha Kongo, ambako "njo" ni "ndiyo", "njo tasa." Watoto walishika mara moja.

Siku moja darasa zima liliapa kwamba sitini ni tasa. Walipanga, wakapangua, wakagombana, na kila safu iliharibika mwishoni. Walikuja kutuita kwa furaha ya watu waliogundua jambo. Anastase hakubisha. Alipiga magoti mwenyewe na suti yake, akatafuta chini ya meza mpaka akapata harage moja lililodondoka: walikuwa wakipanga hamsini na tisa. Akaliweka kwenye kopo na kusema: "Bon. Hesabu yenu iko muzuri. Ni maharage njo iko mubaya." Mimi hilo nimelitumia kwenye kompyuta mara nyingi kuliko kitu chochote nilichosoma. Fanksheni ikikupa jibu la ajabu, kabla ya kuivunja, angalia ulichoilisha.

Sasa nifike kwa Furaha, maana bila Furaha nisingeandika.

Furaha alikuja kwetu kutoka Goma katikati ya mwaka, msichana mrefu, mpole, mwenye daftari safi. Alikaa Mahoko kwa mama yake mdogo, muuza nyanya na parachichi, akawa anapanda basi dogo kila asubuhi kuja shuleni. Hesabu aliijua. Lakini alifundishwa kwa Kifaransa, sisi tunafundisha kwa Kiingereza, na hapo ndipo palipo na mitego. Wao wanaandika saba na nusu kwa mkato, sisi kwa nukta. Siku yake ya kwanza kwenye mashine aliita fanksheni ya kugawa akaandika 7,5 na kisha 2. Mashine ikakasirika kwamba imepewa vitu vitatu na yenyewe ilitaka viwili. Darasa likacheka. Furaha alisoma lile karipio jekundu, akafikiri, akasema polepole: "Aa. Yenyewe inaona saba na tano ni batu babili." Alibadilisha mkato kuwa nukta, akaendelea. Nikajisemea moyoni, huyu ataweza.

Tatizo halikuwa mkato. Tatizo lilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta.

Tulikuwa na kompyuta kumi na moja zinazowaka. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na wanne. Prefe, yaani mkuu wetu wa masomo, aliandika amri: kila kompyuta watu wanne, wasipungue, wasizidi. Msimchukie. Kabla ya amri hiyo watoto walirundikana saba kwenye mashine moja, vifungo vikang'oka, skrini moja ikapasuka. Wanne walifanya kazi vizuri: mmoja anaandika, mmoja anasoma, mmoja anahakiki kwa kalamu, mmoja anabisha. Kundi lilikaa pamoja muhula mzima na kutoa kazi moja, na alama za kazi hiyo zilikuwa za kundi. Asiye na alama hizo hakuendelea na mchepuo wa hesabu na kompyuta. Aliambiwa arudie mwaka au atafute kwingine.

Furaha alikuwa wa arobaini na tano. Gawa kwa nne uone kinachobaki.

Basi akawa kiraka. Mtu akikosa darasani, Furaha anakaa mahali pake. Leo kundi la dirishani, kesho la mlangoni, na kazi aliyoisaidia jana inaendelea bila yeye. Siku ambayo wote wamekuja, anakaa nyuma na daftari, anaandika fanksheni kwa kalamu na kuiendesha kichwani. Kwa kuwa alipenda kusema "reste" badala ya baki, Eric akampa jina hilo. "Reste, leo unakaa wapi?" Wengine wakacheka, na yeye akatabasamu kama anayetaka wasiache kumsemesha. Nilimwendea Prefe mara kwa mara. "Madame, nikifungulia mumoja, kesho bote banarundikana tena," alinijibu. Nilikuwa nimeudhika, nawaambia kweli. Nilirudi nyumbani nikabamiza sufuria.

Ndipo mama yake mdogo akaja shuleni, kitenge chake bado kina vumbi la soko. Hakuja kugombana. "Mwalimu," alisema, "kama kwa masomo Furaha hana nafasi, museme tu. Huko sokoni mi niko mwenyewe, atanisaidia. Sitaki alipe basi kila siku juu ya kukaa nyuma." Nikamwomba asubiri mwisho wa muhula. Akasema sawa, atasubiri, lakini mwisho wa muhula ni mwisho wa muhula.

Wiki hiyo hiyo waliletwa wanafunzi wengine wawili. Tukawa arobaini na saba, na watu watatu nyuma. Hapo hata Prefe aliona aibu. Alikuja darasani, mikono mgongoni, akasema: "Bon. Mutafute namba ingine. Ikuwe ya tatu, ikuwe ya tano, mi sina shida. Lakini groupe zote zikuwe sawa sawa. Mukipata namba yenye inagawa muzuri, natoa karatasi hii naweka ingine."

Nikaona hilo ndilo somo la siku. Nikawaambia: andikeni fanksheni inayotafuta kila namna ya kugawa arobaini na saba bila kuacha mtu.

Makundi yote yakaanza kugonga vifungo. Fanksheni yenyewe si ngumu. Unachukua mbili, tatu, nne na kuendelea, kila moja unaiuliza baki, ikitoka sifuri umepata. Mbili ikaacha mmoja. Tatu ikaacha wawili. Nne, watatu. Tano, wawili. Sita, watano. Eric alikuwa ameiandika ya kwake ionyeshe kila jibu kwenye mstari wake, na alikuwa akisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Acha," Furaha akasema kutoka nyuma. Alikuwa na kopo la Anastase mapajani. "Usiendelee. Haitagawanyika."

"Niko kwa sita tu!" Eric akasema.

"Inatosha. Saba mara saba ni makumi ine na tisa, imepita. Ukipata safu saba ama zaidi, kila safu itakuwa na batu chini ya saba. Na hizo ndogo umeshajaribu zote."

Eric hakumwamini, akaiacha mashine iende mpaka arobaini na sita. Haikupata kitu. Vijana, ile kanuni ya kuishia kwenye kipeuo cha pili cha namba, ambayo mnaisomesha kwa alama za kutisha, sijawahi kuisikia ikielezwa kwa wepesi kama siku ile.

Prefe alikuwa bado amesimama mlangoni. "Donc?" akauliza, yaani kwa hiyo?

"Arobaini na saba ni tasa," nikasema. "Hakuna makundi sawa. Si ya nne, si ya tano, si ya ngapi. Labda kila mtu na kompyuta yake, au wote arobaini na saba kwenye kompyuta moja."

Watoto wakacheka. Furaha hakucheka. Alisimama na kopo lake, akaja mbele mpaka kwenye meza yangu.

"Prefe, naomba kuonyesha kitu."

Prefe akakubali kwa kichwa. Furaha akahesabu maharage arobaini na saba mezani, halafu akachora duara kumi na moja kwa chaki, moja kwa kila kompyuta. Hakuhesabu nne nne. Alipita akitia harage moja kila duara, akazunguka, akatia tena moja moja, akazunguka tena. "Mama mudogo anapanga hivi nyanya," alisema. "Hajuage kwanza iko ngapi. Anagawa moja moja, mafungu yote inapanda pamoja." Alipomaliza mzunguko wa nne, mkononi mwake yalibaki matatu. Darasa zima lilikuwa linamtazama, na kila mmoja alijua matatu hayo ni akina nani.

"Hizi hatuweke pembeni," Furaha akasema. "Hatutupe. Hii njo matabishi." Akaweka moja juu ya fungu la kwanza, moja la pili, moja la tatu.

Kwa msomaji ambaye hajanunua kitu Goma wala Mahoko: matabishi ni kile muuzaji anachoongeza juu ya fungu baada ya kupokea bei, nyanya moja, kitunguu kimoja, kwa hiari yake. Hakuna mnunuzi asiyeyataka. Fungu lenye matabishi ndilo la kwanza kuondoka.

Prefe alitazama maharage. "Lakini haiko sawa sawa," akasema. "Hapa tano, hapa ine."

"Ndiyo, Prefe. Inapitana moja tu. Haiwezekane kupunguza zaidi ya hapo, machine imeshatafuta."

"Na nikiacha vile iko? Batatu bangojee nafasi?"

Furaha akainama. Nilidhani amekwisha. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya polepole:

"Prefe, mi nilikuwa naomba mutu agonjwe. Kila asubui kwa basi. Namuomba Mungu mutu mumoja tu agonjwe, si sana, malaria kidogo, nipate kukaa. Halafu nafika, naona batu bote bamekuja, naumia. Sitaki tena kuomba vile."

Eric alikuwa ameinamisha uso kwenye vifungo. Mimi nilivua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi. Prefe alikohoa. Akageuka, akabandua karatasi yake mlangoni kwa ukucha, kona moja moja, akaikunja na kuitia mfukoni. "Munionyeshe kwa machine," alisema. "Kesho." Akatoka.

Kesho yake tuliandika. Sikilizeni, maana hii ndiyo kazi yenyewe mliyonipigia simu. Furaha hakuandika fanksheni mpya kubwa. Alitumia ile ile ya siku ya kwanza. Majina ya nyumbani yanafuata alfabeti, kila jina lina nafasi yake, na mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Chukua nafasi ya mtu, iulize baki kwa kumi na moja: inakuja namba kati ya sifuri na kumi, na hiyo ndiyo kompyuta yake, sifuri ikiwa ya kwanza. Kwa kila mtu, wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna anayewekwa kwanza na mwingine anayebaki kutafutiwa. Wote wamepangwa kwa baki. Fanksheni akaiita matabishi, na nilipomwambia jina la fanksheni lieleze kazi yake, alinijibu, "Njo linaeleza, Mwalimu."

Tulipoiendesha, Furaha alitoka katikati ya orodha, kwenye kompyuta ya tatu. Waliotokea mwisho, wale watatu wa juu ya fungu, mmoja wao alikuwa Eric, maana jina lake la nyumbani ndilo lililofunga orodha. Naye pia alitupwa kompyuta ya tatu. Alibeba kiti chake kuvuka darasa zima huku wenzake wakimzomea. Akasimama mbele ya Furaha, akakuna kichwa. "Naweka wapi?" akauliza.

Furaha akasogeza daftari. "Hapa. We utabisha. Hiyo unaweza sana."

Tangu siku hiyo sikusikia tena lile jina alilompa.

Kundi lao lilitoa kazi nzuri. Si bora kuliko zote, msitake hadithi za kupendeza. Kundi la dirishani liliwashinda kwa mbali. Lakini alama zilikuwa za watano, na jina la Furaha lilikuwemo. Mama yake mdogo alikuja mwisho wa muhula kama alivyoahidi. Nilimwonyesha. Hakusoma alama, aliuliza tu: "Anakaa wapi?" Nikamwonyesha kiti. Akakishika mgongo, akakitikisa kidogo kuona kama ni imara, akaniachia parachichi nne na moja juu.

Mnaniuliza fanksheni zifundishwe vipi. Anzeni na baki. Mpeni mtoto maharage kabla ya vifungo. Na siku darasa lenu likikataa kugawanyika, msiharakishe kulaumu namba, wala msimpeleke mtu nyuma akasubiri.

Kabla sijastaafu, wiki za mwisho kabisa, Prefe alileta mwanafunzi mwingine, mvulana mdogo wa kutoka Kanama, kiatu kimoja hakina kamba, macho chini. Prefe akampiga begani na kutangaza kwa furaha, maana alikuwa amehesabu watoto njiani na kusahau kuhesabu kompyuta: "Mwalimu, sasa muko makumi ine na nane! Sasa inagawanyika kwa ine!"

Hakuna aliyemsikia. Mtoto hajavuka hata mlango, kundi la dirishani walikuwa wamesimama, na la nne, na la mwisho pia, wanapiga kelele, "Alete huku! Sisi hatuna matabishi! Mwalimu, huku!" Furaha alikuwa ameshamwongeza mwishoni mwa orodha na kuita fanksheni. Akanyanyua mkono kuwanyamazisha.

"Groupe ya ine," alisema, na kundi la nne wakashangilia kama waliofunga bao, wakaanza kugombania nani ampishe kiti.